Nilichokitoa Kwenye Kochi Jekundu

"Toa hiyo misumari mdomoni ndiyo useme!"

"Mmm."

"Toa!"

Nikaitemea kiganjani, yote saba.

"Haya. Hili kochi la kwenye gazeti ni la nani?"

"La kubuni, mama."

"La kubuni. Jekundu?"

"Makochi mekundu ni mengi, mama yangu."

"Lenye doa la wino umbo la bata?"

"Wino unamwagika popote."

"Na mguu wa nyuma, wa kushoto, umeungwa kwa kipande cha bomba la maji?"

Hapo nikaanza kuhesabu misumari upya.

"Bomba lile alilikata marehemu baba watoto kwa msumeno wa jirani! Dunia nzima hakuna kochi lingine lenye bomba! Sasa niambie, we kijana, nani kakuambia mwanangu kaua mtu?"

Mjomba alikuwa chini ya kochi la mteja mwingine akikaza springi. Akatoa kichwa tu.

"Nani kaua mtu?"

"Hakuna, mjomba. Ni hadithi. Endelea tu."

Kama wiki jana hukupata gazeti, shauri yako, lakini sitakuacha mlangoni. Mimi ni fundi makochi kwa mjomba wangu. Shule niliikimbia kidato cha pili. Miezi mitatu mmekuwa mkisoma humu hadithi yangu ya nesi aliyeuawa akafichwa chumba cha nyuma, mpaka mkaanza kumwandikia Mhariri: huyu jamaa hadithi anazitoa wapi? Mhariri akaniambia niungame. Ndiyo naungama, hii ni wiki ya nne, na kila nikiungama nazidi kuharibikiwa.

Wiki jana niliishia pale Miwani aliponiambia, "Fundi, Jumapili nakupeleka kwa mama." Miwani havai miwani, anauza kwenye duka la miwani. Ndiye msichana pekee aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho bila kuangalia simu. Nilikuwa tayari nimeazima shati.

Sasa mama mwenyewe ndiye huyu, kasimama karakanani na gazeti, siku ya Alhamisi. Mimi nilimjua kwa lile bomba, maana kochi lile lilitoka kwa kina Miwani. Yeye hakujua mimi ni nani kwa binti yake. Na nilikuwa na dakika kama tano za kumzuia asijue.

"Unanisikia? Umeyatoa wapi haya?"

"Kichwani, mama."

"Kichwa hicho?"

Mjomba akacheka huko chini. Mjomba ananijua.

Ukweli ni huu, na nausema kwa sababu nimeshachoka kudanganya. Kichwani mwangu hamna hadithi hata moja. Hadithi zangu zinaanzia kwenye makochi. Ukilipindua kochi la watu, ukang'oa kitambaa cha chini, wameangusha humo maisha yao yote. Kifungo. Jino la mtoto. Ufunguo usiofungua kitu. Picha ya harusi iliyokatwa kichwa cha bwana harusi peke yake, ile iliyonipa hadithi ya wiki sita mkalia mpaka mkamaliza vitambaa.

Mjomba ana sheria moja. Kilichotoka kwenye kochi kinarudi na kochi. Unakitia kwenye bahasha, unaibana bahasha chini ya kiti, mwenyewe atakikuta. Nimeifuata sheria hiyo miaka minne. Nimeivunja mara moja.

"Mama," nikasema, "ngoja."

Nikaenda kwenye kalenda ya ukutani, nikaibandua, nikatoa kikaratasi nilichokuwa nimekibandika nyuma yake. Nikampa.

Akakisoma kwa sauti:

"'Dada, nimemuua nesi. Yuko chumba cha nyuma, tangu Jumamosi hajatoka. Mama asijue kabisa. Lete shuka mbili, sufuria kubwa na kile kisu kizuri. Ukimaliza kusoma choma hii.'"

Mjomba akatoka chini ya kochi mzima mzima.

"Huu mwandiko wa Swichi," mama akasema. "Mwanangu. Fundi umeme."

Akakaa. Tatizo ni kwamba alikaa kwenye fremu tupu, haina springi, haina sponji, haina hata mkanda. Akazama. Magoti yakapanda, yakakutana na kidevu, na mama wa watu akabaki amekunjika humo kama nguo kwenye beseni.

"Mwanangu kaniulia nesi!" akalia kutoka ndani ya kochi.

"Kakuulia?" Mjomba akauliza. "Wewe?"

"Kwa ajili yangu! Mimi ndiye niliyesema!"

Akaeleza hapo hapo, amezama. Zahanati ya mtaani kwao kuna nesi. Mama alipimwa sukari, akaulizwa chai anaweka vijiko vingapi, akasema kimoja. Nesi akamwambia mbele ya benchi zima: "Mama, wewe unasema kimoja, damu yako inasema vitano. Nimwamini nani?" Benchi likacheka. Mama akarudi nyumbani amevimba, akamwambia mwanawe: "Yule nesi natamani mtu aniondolee mbele ya macho yangu."

"Swichi ni mtiifu tangu mdogo!" akalia. "Ukimtuma chumvi, analeta chumvi!"

Mjomba akanigeukia. Taratibu.

"We mpwa wangu. Ulikuta karatasi inasema mtu kauawa. Ukaenda polisi?"

"Hapana."

"Ukaniambia mimi?"

"Hapana."

"Ulifanya nini?"

"Niliandika sehemu ya kwanza."

"Mungu wangu."

"Nilidhani labda ni utani, mjomba! Nani anaua mtu halafu anaomba sufuria?"

"Wote!" mama akapiga kelele. "Wote wanaomba sufuria! Umeandika mwenyewe, sehemu ya tano!"

Tukamvuta, mimi mkono huu, Mjomba mkono ule, akatoka kwa kishindo na kipande cha mbao kimeng'ang'ania gauni lake. Mjomba akataja polisi. Mama akasema polisi watasubiri zamu yao, mwanawe atakamatwa kwanza na yeye.

Pikapu ilikuwa mlangoni, imepakia kochi la kijani la watu watatu, la daktari wa meno, linapelekwa. Hapakuwa na muda wa kulishusha. Mama akakataa kukaa mbele, akasema akikaa mbele atatapika. Akapanda nyuma, akakaa katikati ya lile kochi, mkoba mapajani, gazeti mkononi, akilia. Mimi nikachuchumaa miguuni pake nishikilie kochi lisiteleze.

Tukapita mjini hivyo. Watu wakatupungia. Mtu mmoja akapiga makofi, nadhani alifikiri ni kampeni. Mama akampungia huku machozi yanamtoka. Hakutaka kuonekana ana maringo.

"Wewe una mama?" akaniuliza.

"Ninaye."

"Anajua unachofanya?"

"Anasoma kila wiki."

"Na anaona sawa?"

"Ananunua nakala mbili, mama."

Akalia upya. Kwenye kona nikalikumbatia kochi na miguu yake kwa pamoja.

"Una mchumba?"

"Nilikuwa naye," nikasema. "Mpaka asubuhi hii."

"Masikini," akasema mama. "Binti wa watu. Kaponea chupuchupu."

Nikatazama lami inavyokimbia nyuma yetu, nikafikiria kuruka.

Swichi anakaa vyumba viwili, cha mbele na cha nyuma, mlango wa bluu. Mama hakubisha hodi. Alisukuma mlango, mlango ukagonga ukuta, na sisi wawili nyuma yake, Mjomba ameshika nyundo, sijui ya kumsaidia nani.

Swichi alikuwa kwenye jiko, amevaa fulana, anakatakata kitu kwa kisu kizuri sana. Mbele yake sufuria kubwa linachemka.

Mama akatazama sufuria. Akatazama kisu. Akashika ukuta.

"Mama?" Swichi akasema. "Umefikaje huku?"

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Nesi!"

Kisu kikaanguka. Swichi akageuka rangi mbele yetu, nikajisemea, kumbe ni kweli, kumbe nilikuwa sahihi, na nikaona aibu kwa jinsi nilivyofurahi.

"Mama, nilitaka kukuambia..."

"Ulitaka kuniambia lini? Ameshaanza kunuka?"

"Kunuka? Mama, anaoga kila siku!"

Mama hakusikia. Alishapita. Akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Pazia limefungwa, kitanda kimoja, na juu ya kitanda mtu amelala chali, kafunikwa shuka mpaka juu ya kichwa. Miguu miwili imechomoza. Mama akaishika miguu ile, akapiga magoti, akaanza:

"Nisamehe nesi wa watu, ni vitano! Ni kweli vilikuwa vitano!"

Shuka likasimama.

Mama akapiga yowe. Shuka likapiga yowe. Mjomba akapiga yowe, na yowe la Mjomba ndilo lililokuwa la juu zaidi. Shuka likaanguka, na nesi mwenyewe huyu hapa, nywele zimesimama, macho mekundu, ametoka zamu asubuhi ile ile.

"Yu hai!" mama akasema.

"Nani?" nesi akauliza.

"Wewe!"

"Mimi ndiyo."

"Swichi! Yu hai!"

"Najua, mama!" Swichi akasema mlangoni. "Ni mke wangu!"

Nilishawahi kuandika mama wa watu akizimia, sehemu ya nane, na niliandika vibaya. Mama hakuzimia. Alimrukia nesi, akamkumbatia mpaka mgongo wa nesi ukalia.

"Kaoa!" alikuwa anasema. "Kumbe kaoa tu! Mwanangu mzuri, kaoa tu, hakuua, jamani kaoa!"

Nesi, amebanwa hivyo hivyo, akatafuta mkono wa mama, akaushika kwenye mshipa, akatazama saa yake.

"Mama, mapigo yako yanakimbia sana. Kaa chini. Leo umekunywa chai?"

"Nimekunywa."

"Vijiko vingapi?"

"Kimoja."

"Mama."

"Vitatu."

"Mama mkwe."

"Vitano," mama akasema, na akaanza kucheka, na nesi akaanza kucheka, na Swichi aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akatoka. Alikuwa amemficha mke wake, mama asijue, miezi minne, kwa ajili ya vijiko vitano.

Ndipo akaingia Miwani.

Swichi alimpigia simu mara tu mama alipopita jikoni. Duka la miwani ni mtaa wa pili. Alikuja na koti la kazini, jeupe, anahema. Akaniona. Akafungua mdomo. Akaona kikaratasi mkononi mwa mama.

"Hicho kimetoka wapi?"

"Kwenye kochi," mama akasema. "Soma. Soma uone nilivyokaribia kufa."

Miwani akakishika mbali na macho, kama anavyofanya dukani.

"'Nimemuoa nesi,'" akasoma.

"Nimemuua," nikasema.

"Nimemuoa. Hii ni o."

"Ni u, Miwani. Iko wazi juu."

"Ni o ambayo haikufungwa. Kaka anaandika hivyo tangu darasa la kwanza, o yake haifungi. Tazama hapa: 'chuma hii'. Alitaka nichume nini? Ni 'choma'."

Tukakisogelea sote, vichwa vikagongana. Kweli. O za Swichi zote zilikuwa wazi kama vikombe. Miezi mitatu, sehemu kumi na mbili, inspekta wawili, mbwa wa polisi, na mbwa yule nilimpenda sana, vyote vimetoka kwenye o ambayo mtu hakuifunga.

"Sasa shuka?" Mjomba akauliza.

"Tulikuwa hatuna shuka," nesi akasema. "Tulioana tuna godoro na redio."

"Na sufuria?"

"La kupikia, baba. Watu wanakula."

Mjomba akacheka mpaka akakaa sakafuni na nyundo yake. Mama akafuta macho kwa gazeti, wino ukamwachia alama shavuni. Akaninyooshea kidole.

"Huyu! Msimcheke huyu. Kama si huyu kijana na ujinga wake, mkwe wangu ningemjua lini? Ungeniambia unaoa nesi yule, Swichi, ningekataa mpaka kaburini. Lakini mimi leo nimeomba kwa Mungu, njia nzima, juu ya kochi la watu: Mungu, hata kama kaoa jini, mradi asiwe ameua. Nimepewa nesi. Nitakataa?" Akanivuta shavu. "Mwandishi, Jumapili njoo ule kwangu. Na huyo mchumba wako mrudishe, mje wote."

Chumba kizima kikanitazama. Mimi nikamtazama Miwani.

"Ndiye mimi, mama," Miwani akasema. "Jumapili nilikuwa nimlete."

Jamani, vigelegele. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akaja na mwiko mkononi. Mama akacheza. Nesi akanishika mkono, "Shemeji!" Swichi akaniita shemeji, mimi niliyemwandikia kifungo cha maisha. Mjomba akasema kochi la wanandoa atalitengeneza bure, kisha akasema hapana, atalitengeneza kwa bei nzuri. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba cha nyuma, kile kile nilichokijaza damu wiki kumi na mbili, na kila mtu ananipongeza. Nikasema moyoni, kumbe dunia ni rahisi hivi.

"Mwandishi," Miwani akasema. "Toka nje kidogo."

Hajawahi kuniita Mwandishi. Mimi kwake ni Fundi.

Tukasimama karibu na pikapu. Ndani bado wanaimba. Nikadhani ataanza na kelele. Hakuanza na kelele.

"Ile ilikuwa barua yangu."

"Ilikuwa kwenye kochi."

"Ndiko nilikoificha. Wewe mwenyewe uliniambia, mjomba wako anarudisha kila kitu kwenye bahasha. Nikafungua bahasha, nikakuta kifungo na hereni. Nikajua karatasi imepotea. Nikafurahi imepotea."

"Ningeirudisha."

"Lini? Sehemu ya ishirini?"

Nikagusa mguu wa kochi la daktari.

"Nilikuuliza hadithi zako zinaanzia wapi," akasema. "Ukaniambia zinakuja kama chafya. Nikacheka. Nikawaambia wenzangu dukani, jamaa yangu hadithi zinamjia kama chafya."

"Miwani..."

"Hebu nikuulize. Ulidhani kaka yangu kaua. Na dada wa kwenye karatasi ulijua ni mimi."

"Nilijua."

"Kwa hiyo ulidhani nimempelekea kisu."

"Na shuka."

"Ukanipenda hivyo hivyo?"

"Nikakupenda hivyo hivyo," nikasema. "Nilishapanga kama watakukamata nitakuja kukutembelea kila wiki."

Akakaza midomo. Nilimwona anakaribia kucheka, mashavu yalikuwa yameshaanza. Laiti angecheka, wasomaji wangu, ningekuwa naandika mambo mengine leo.

"Siku ile nilipokuja kuulizia kochi," akasema. "Ukanifutia kiti. Ukaniuliza kwetu tuko wangapi, kaka anafanya kazi gani, mama anapenda nini. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo mengi hivyo. Siku ile ulikuwa unanitaka mimi, au ulikuwa unataka sehemu ya tatu?"

Ningeweza kudanganya. Mchana kutwa nilikuwa nimedanganya vizuri tu.

"Siku ile, sehemu ya tatu."

"Na siku ya pili?"

"Siku ya pili, wewe."

"Siku ya pili uliniuliza kuhusu baba."

"Nilikuuliza kwa sababu nilitaka kujua."

"Na iko kwenye gazeti?"

Iko. Sehemu ya sita. Yule mzee anayekata bomba la maji, binti yake amemshikia taa, na siku ya tatu mzee hayupo tena. Mlinipigia simu nyingi kuliko wiki zote. Nikainamisha kichwa, naye hakuhitaji jibu lingine.

Kisha akasema sentensi moja. Haikuwa tusi. Ilikuwa juu ya baba yake na ile taa na mimi, sentensi fupi, katikati akavuta pumzi kisha akaimalizia. Sitaiandika hapa. Mhariri ameiomba mara tatu, amesema sehemu hii bila sentensi ile ni kochi lisilo na springi. Basi alikalie hivyo hivyo.

Nilikuwa sijawahi kusikia mtu akisema kitu kama kile, kwa maneno ya kawaida kabisa, amesimama tu barabarani na koti la kazini.

"Midomo yako inacheza," Miwani akasema.

"Nini?"

"Unakariri."

"Hapana. Nakusikiliza."

"Hebu rudia nilichosema."

Nikadhani ananipima kama nilikuwa makini. Wallahi nilidhani hivyo. Nikairudia. Yote, mwanzo mpaka mwisho, hakuna neno lililopungua.

"Hata pale nilipovuta pumzi umepaweka," akasema.

Ndani mama akaita, "Wachumba! Mko wapi? Njooni!" Miwani akafunga vifungo vya koti lake, cha juu, cha kati, cha chini. Akageuka, akapita ubavuni mwa pikapu, akaelekea upande wa dukani bila kukimbia.